Nzuri, Ila…

Mswahili akiulizwa hali, kwanza hujibu kwamba ni nzuri. Hujambo? Sijambo. Habari za tangu jana? Njema. Za nyumbani? Salama. Hata palipo na msiba salamu huanza na salama, na baada ya hapo ndipo mwenye jambo huvuta pumzi akasema: ila… Ni adabu njema, maana humpa mtu nafasi ya kutulia kabla ya kutoa zito lake. Lakini katika chumba cha daktari wa saratani, foleni ikiwa imefika mlangoni na kila mgonjwa ana dakika zake chache, adabu hiyohiyo humgharimu mtu. Daktari anauliza, "Unaendeleaje, mama?" Mama anajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa hana malalamiko, dripu ya mzunguko wa pili inaidhinishwa, na ile ila inarudi nyumbani na mwenyewe. Ndani yake mna vidonda vya mdomo vilivyomnyima chakula siku 4, matapishi ya usiku wa tatu, na maumivu ya pale kifuani palipopandikizwa poti ya kupitishia dawa, maumivu ambayo hakuna aliyemwambia kwamba yangekuja na kwamba yana dawa.

Makala haya yanatetea jambo moja. Katika wiki za mwanzo za tibakemikali, ile ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo, kusema unapoumia, kusema mapema na kusema kwa usahihi, ni sehemu ya tiba sawa na dawa inayodondoka kwenye mrija. Anayesema hasumbui mtu. Anampa daktari kipimo ambacho maabara haina. Na kwa kuwa tumewalea watu wengi, wanawake hasa, kuona kimya ndicho heshima, kazi ya kukivunja kimya hicho isiachwe mikononi mwa mgonjwa peke yake. Hospitali ndiyo inayopaswa kuuliza, tena kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "nzuri". Najua kwamba neno "jikaze" linapotamkwa kitandani pa mgonjwa hutoka kwenye upendo, na mara nyingi anayelitamka hana kingine cha kutoa. Hata hivyo, kwa wiki hizi za mwanzo, ni ushauri usiofaa, na ushahidi wa jambo hilo tunao.

Tuanze na poti, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya maumivu ya kutuliza na maumivu ya kupigia kelele. Poti ni kijichumba cha plastiki au titani, ukubwa wake unakaribia kifuniko cha chupa ya soda, kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, mara nyingi upande wa kulia. Juu yake pana utando wa silikoni unaojiziba kila sindano inapochomolewa. Ubavuni mwake hutoka mrija laini unaopanda juu ya mtulinga, ukaingia kwenye mshipa wa shingo, kisha ukashuka hadi kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Huko damu hupita takriban lita 2 kwa dakika, kwa hiyo dawa kali huzimuliwa papo hapo badala ya kuunguza mshipa mwembamba wa mkono. Kifaa hiki kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akiwemo John Niederhuber, ambaye baadaye aliongoza taasisi ya taifa ya saratani ya nchi hiyo. Kwetu si cha kila mtu. Wengi bado hupewa kemo kwa kanula ya mkononi, na mishipa yao hukakamaa kadiri mizunguko inavyoongezeka. Lakini poti zinazidi kuonekana katika hospitali kubwa za mijini, na baadhi ya wanaokwenda India kutibiwa hurudi nazo kifuani.

Kwamba poti ni bora kuliko mirija mingine, hilo limepimwa. Utafiti wa CAVA, uliofanywa katika hospitali 18 za Uingereza na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, uliwafuatilia wagonjwa 1,061 wa kemo. Matatizo ya kifaa, yakiwemo maambukizi, kuziba na damu kuganda, yaliwapata 29% ya wenye poti dhidi ya 43% ya wenye mrija wa Hickman unaoning'inia nje ya kifua. Poti zilipolinganishwa na mrija unaoingizwa mkononi, ilikuwa 32% dhidi ya 47%. Mtu akizisoma tarakimu hizo kwa haraka atasema poti imeshinda, basi yamekwisha. Mimi naona na upande wake wa pili: hata kwa kifaa kilicho bora, katika hospitali zenye kila kitu, karibu mtu 1 kati ya 3 alipata tatizo. Anayepandikizwa poti anastahili kuambiwa hivyo siku ileile anaposaini fomu ya ridhaa.

Mara nyingi haambiwi. Huambiwa ni upasuaji mdogo, na kweli ni mdogo, lakini ganzi ikiisha huumwa sehemu mbili, si moja. Huumwa kifuani kwenye mfuko uliochongwa chini ya ngozi, na huumwa shingoni, mahali ambapo hakutazamia, kwa sababu ndiko mrija ulikoingilia mshipani. Kugeuza kichwa ni tabu, kulalia upande ule ni tabu, na ngozi hubadilika rangi kama ya aliyegongwa. Kwa kawaida haya hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Parasetamoli husaidia, ila mtu aliyekwishaanza kemo apime joto lake kabla ya kuimeza, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Diklofenaki na ibuprofeni zisinywewe bila kumuuliza daktari, maana huweza kuongeza hatari ya kutoka damu na kuelemea figo wakati kemo nayo huweza kuleta hayohayo. Kisha yapo mambo ya nyumbani ambayo vijitabu vilivyoandikwa ng'ambo haviyataji: ndoo ya maji, jembe, mchi wa kutwangia, mtoto wa mwaka mmoja anayetaka kubebwa. Mwanamke anayeambiwa tu "usinyanyue vitu vizito" huelewa magunia. Ndoo ya lita 20 kwake si kitu kizito, ni asubuhi ya kawaida. Lazima itajwe kwa jina lake, na iambiwe familia nzima, si yeye tu.

Mkanda wa gari ukipita juu ya poti husugua. Kanga iliyokunjwa ikiwekwa kati ya mkanda na kifua huondoa adha hiyo. Mkanda wa sidiria nao ni hivyohivyo, na hapa pana jambo ambalo mgonjwa anaweza kulisema kabla hata ya kisu kugusa ngozi: kumwonyesha daktari sidiria inapopita, ili poti iwekwe pembeni yake. Ni sentensi moja, na humwondolea mtu karaha ya miezi mingi. Uchungu wa sindano ya poti pia si wa kuvumiliwa kila mara. Malhamu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini, ikipakwa kwa unene na kufunikwa kwa plasta ya plastiki dakika 60 kabla, huifanya ngozi isihisi kitu. Pasipokuwa na malhamu, barafu ya dakika chache hupunguza makali. Wapo wanaosikia ladha ya ajabu kinywani poti inaposafishwa kwa maji ya chumvi, na pipi ya kumung'unya inatosha. Mtu anaweza kuuliza kama mambo madogo namna hii yanastahili nafasi gazetini. Yanastahili, kwa sababu mgonjwa aliyeteseka kwa sindano ya kwanza huanza kuiogopa ya pili tangu usiku wa kuamkia, na hofu hiyo huja na kichefuchefu chake.

Yapo maumivu ya poti, hata hivyo, ambayo hayapaswi kungojewa hata dakika moja. Kabla ya kuingiza dawa, muuguzi huvuta damu kidogo kupitia poti kuhakikisha kwamba sindano imekaa na mrija uko wazi. Damu isipotoka, dawa ya kuunguza haisukumwi mpaka sababu ijulikane. Na hata damu ikitoka, sindano inaweza kuteleza baadaye, mtu anapogeuka kitandani au anapokwenda msalani na mti wa dripu. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotumika sana kwa saratani ya matiti, na vinkristini inayotumika kwa saratani za damu na tezi, zikivuja nje ya mshipa huweza kuua ngozi na nyama iliyo chini yake hadi pahitajike upasuaji. Dalili ya kwanza ni mwenyewe kuhisi pamewaka, pamekaza au pamevimba. Pampu haiwezi kutegemewa kuligundua hilo, na muuguzi mwenye vitanda vingi hawezi kukitazama kifua kimoja muda wote. Katika dakika zile za kwanza anayejua ni mgonjwa tu, na akijikaza, hakuna mwingine atakayejua. Maneno "nesi, panawaka" yanapaswa kuisimamisha dripu hapohapo, bila mtu kuulizwa kama ana hakika.

Ziko dalili nyingine za namna hiyo ambazo mwenye poti anapaswa kuzijua kwa moyo. Mkono, shingo au uso kuvimba upande wa poti huweza kumaanisha kwamba damu imeganda kuuzunguka mrija. Wekundu unaotambaa, usaha, au kidonda kufunguka ni maambukizi. Na ipo moja ambayo wengi huidharau: baridi ya kutetemeka inayokuja muda mfupi baada ya poti kusafishwa au kutumiwa. Hiyo huashiria kwamba vijidudu vimejificha ndani ya mrija na maji yamevisukuma kwenye damu. Mtu anayesema "nilitetemeka kidogo nikajifunika blanketi, ikaisha" ametoa taarifa nzito kuliko anavyodhani. Kwa waliorudi na poti kutoka ng'ambo kuna nyongeza. Poti isiyotumika huhitaji kusafishwa kwa vipindi, kuanzia kila wiki 4 hadi miezi 3 kutegemea utaratibu wa hospitali, na hutobolewa kwa sindano maalumu ya Huber ambayo ncha yake imepindwa ili isimege silikoni. Sindano ya kawaida huharibu utando ule. Mgonjwa akiona mtu ameshika sindano ya kawaida, ana haki ya kuuweka mkono wake juu ya poti na kusema hapana.

Sasa kichefuchefu, ambacho ndicho kinachotisha zaidi kabla mtu hajaanza. Mwaka 1983 madaktari wa Sydney, Australia, wakiongozwa na Alan Coates, walifanya jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida: waliwauliza wagonjwa 99 waliokuwa kwenye kemo ni nini kinachowatesa zaidi. Kutapika kulishika nafasi ya kwanza, kichefuchefu ya pili. Miaka 8 baadaye, mwaka 1991, ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, iliidhinishwa Marekani, zikafuata nyingine, na leo mgonjwa aliyepangiwa dawa vizuri huenda asitapike kabisa hata kwa kemo kali. Ninaitaja historia hiyo kwa sababu kuna watu ambao bado wana picha ya kemo ya zamani, na kwa picha hiyo huona kutapika ni ada ya lazima. Anayetapika mara 6 baada ya mzunguko wa kwanza hudhani ndivyo ilivyo, hurudi na kusema nzuri, na hupewa dawa zilezile zilizoshindwa. Hapo ndipo hasara inapozidi, kwa kuwa mwili hujifunza. Anayetapika vibaya mzunguko wa kwanza huweza kuanza kutapika mizunguko ya baadaye kabla dripu haijatundikwa, kwa harufu tu ya spiriti au kwa kuliona lango la hospitali, na kichefuchefu cha aina hiyo ni kigumu kutibu. Mzunguko wa kwanza ndio wa kushinda.

Kichefuchefu pia kina ratiba yake. Kipo cha saa 24 za kwanza, na kipo cha kuchelewa kinachoanza siku ya pili na kuweza kufika siku ya tano, hasa kwa dawa ya kemo iitwayo sisplatini. Mtu huondoka hospitali akiwa mzima, akawaambia jamaa kwamba kemo si kitu, kisha siku ya tatu anakunjamana na ndoo. Wala si lazima tiba yake iwe ya gharama. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 380 lililoongozwa na Rudolph Navari. Kati ya walioongezewa olanzapini, kidonge cha zamani cha magonjwa ya akili kinachotengenezwa na viwanda vingi, 74% hawakuwa na kichefuchefu saa 24 za kwanza, dhidi ya 45% ya wasioongezewa. Kina kasoro ya kuleta usingizi mzito, lakini watafiti wa Tata Memorial, Mumbai, walionyesha mwaka 2024 kwamba dozi ndogo ya miligramu 2.5 haikuwa dhaifu kuliko miligramu 10 na usingizi wake ulipungua. Kidonge kipo, daktari anakijua. Kinachokosekana ni mgonjwa kusema: nilitapika usiku wa tatu, mara 6, na hata maji hayakukaa.

Mengine ya mwanzo ni mepesi mtu akiyajua kabla. Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya doksorubisini ni rangi ya dawa, si damu. Kukosa usingizi kunakofuata deksamethasoni, dawa nyingine ya kuzuia kichefuchefu, hupungua dozi ikinywewa asubuhi. Choo kufunga mara nyingi huletwa na ondansetroni yenyewe, na kina dawa. Kwa vidonda vya mdomo, kusukutua mara kadhaa kwa siku kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea, husafisha na kutuliza. Isitumike magadi ya kupikia maharage. Hayo ni makali mno. Nywele huanza kukatika wiki ya pili au ya tatu kwa dawa zinazokata nywele.

Je, daktari hawezi kuyaona haya mwenyewe? Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2015 Massimo Di Maio na wenzake wa Italia walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 1,090 waliokuwa katika majaribio 3 ya tiba. Kila mgonjwa alijaza fomu yake kuhusu madhara 6: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, choo kufunga, kuharisha, na nywele kukatika. Madaktari wao nao waliandika yao. Kati ya madhara yaliyotajwa na wagonjwa, madaktari walikosa kuandika kati ya 40.7% na 74.4%, kutegemea ni dhara gani. Hawa hawakuwa madaktari wazembe. Walikuwa kwenye utafiti, na kuandika madhara ndiyo ilikuwa kazi yao. Tena orodha ilikuwa na nywele, kitu kinachoonekana kwa macho. Kama nywele huachwa bila kuandikwa, kichefuchefu cha saa 8 usiku nyumbani kwa mtu kitaandikwa na nani?

Ushahidi wa upande wa pili, yaani nini hutokea watu wakiulizwa, ulitoka New York. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, Ethan Basch na wenzake waliwagawa wagonjwa 766 wenye saratani zilizosambaa. Wengine walihudumiwa kwa desturi, na wengine waliripoti dalili 12 za kawaida kwa kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi alipata ujumbe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba ndani ya mwaka, 34% ya walioulizwa walifika idara ya dharura dhidi ya 41% ya wengine. Waliweza kuendelea na kemo kwa wastani wa miezi 8.2 dhidi ya 6.3. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 31.2 dhidi ya 26.0.

Pingamizi la kwanza ni la haki: New York si Dar es Salaam, na jaribio moja si sheria. Nakubali, na naongeza kwamba utafiti mkubwa zaidi wa Basch huyohuyo, uliohusisha wagonjwa 1,191 katika vituo 52 vya Marekani, haukurudia ile faida ya urefu wa maisha. Ulichothibitisha ni nafuu ya dalili, uwezo zaidi wa mwili, na kuchelewa kufika dharura. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kusema kutamwongezea miezi 5. Nitamwambia kwamba kusema kutampunguzia mateso na huenda kukamzuia kulazwa, na hilo pekee linatosha. Kuhusu umbali wa New York, kuna jambo moja ndani ya jaribio lile la kwanza linalotuhusu sana: walionufaika zaidi walikuwa wale wasiozoea kompyuta. Kilichofanya kazi hakikuwa mashine. Kilikuwa swali lililotajwa kwa jina, na upande wa pili muuguzi aliyetakiwa kujibu. Muuguzi mwenye simu na daftari anaweza kuifanya kazi hiyo Mwanza, Moshi au Eldoret.

Pingamizi la pili husikika kwa wahudumu wenyewe: wagonjwa ni wengi, na kila mmoja akimwaga yote, foleni haitaisha. Kila mwaka Tanzania peke yake hupata wagonjwa wapya wa saratani wanaozidi 40,000, na Kenya vilevile, kwa hiyo sidharau mzigo huo. Lakini aliyenyamaza hajapungua kwenye foleni. Anarudi baada ya siku 10 akiwa amebebwa, amekauka maji, anahitaji kitanda, dripu na vipimo. Maswali yanayohitajika ni machache: Ulitapika mara ngapi, na siku ya ngapi? Ulikula nini jana? Joto lilipanda? Poti inauma wapi, na nini huwezi kufanya kwa sababu yake? Haya yanaweza kuulizwa kwenye benchi na muuguzi, kabla mgonjwa hajafika mbele ya daktari.

La tatu ni hofu ya mgonjwa: nikisema, watanipunguzia dozi au watanisimamishia dawa. Hofu hii huwafunga midomo hata watu jasiri. Ukweli ni kwamba dhara likisemwa mapema, mara nyingi hutibiwa na kemo ikaendelea. Likifichwa hadi mwili uelemewe, ndipo mzunguko huahirishwa. Ile miezi 8.2 dhidi ya 6.3 inasema hivyo. Ndugu yake hofu hiyo ni imani kwamba dawa isiyoumiza haifanyi kazi, na kwa hiyo anayeteseka zaidi anapona zaidi. Si kweli. Kupona hupimwa kwa kugusa uvimbe, kwa picha na kwa damu. Wingi wa matapishi si kipimo chake. Na wapo wanaoona kulalamika ni kukosa subira mbele ya Mungu. Kwa hao namtaja Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu humtolea mfano wa subira. Katika Biblia alilia kwa maneno mengi kuhusu mwili wake, na katika Kurani alimwita Mola wake akasema kwamba shida imemgusa. Subira yake haikuwa kimya.

Nimeacha homa mwisho kwa sababu ndiyo inayoua. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo nyingi, chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa, na kijidudu ambacho siku nyingine mwili ungekimaliza bila mtu kujua huweza kuenea kwenye damu kwa saa chache. Joto la nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura, na hospitali nyingi duniani zimejiwekea lengo la kumpa mgonjwa antibiotiki ya mshipa ndani ya saa 1 tangu afike. Sasa tazama tulivyo. Katika Kiswahili cha kila siku homa na malaria karibu ni neno moja. Mtu akichemka hununua parasetamoli na dawa mseto duka la dawa, hulala, na parasetamoli hushusha joto bila kugusa kinacholileta. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kwamba anayo, hakisemi kwamba hana maambukizi mengine. Kwa wagonjwa wengi siku hizo hazimkuti mtu wodini, bali nyumbani, na nyumbani kwa mgonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road huweza kuwa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kitanda alichotundikiwa dripu. Kwa hiyo kila anayetoka kwenye mzunguko wa kwanza atoke na themomita, na karatasi yenye jina la dawa, tarehe aliyopewa, na namba ya simu ya wodi inayopokewa usiku. Na afundishwe, yeye na anayemuuguza, maneno ya kusema kwenye dirisha la kituo cha afya kilicho karibu, hata kama mapokezi wanaanza kwa kumuuliza habari za nyumbani: "Nilipewa kemo siku 10 zilizopita, nina poti kifuani, joto langu ni 38.4, na siwezi kungoja foleni."